Kamera ya Mvukuto Si Pambo la Kabati

Taja kamera ya mvukuto mbele ya wapiga picha wa mji wa Wote au wa Kitui mjini, na jibu utakalopewa ni lile lile. Kamera hiyo, wanasema, ni pambo la kabati. Mwenye mkahawa anaweza kuiweka kwenye rafu ili wateja wajipige picha nayo, lakini kazi yake ilikwisha zamani. Simu iliyo mfukoni inatoa picha safi, haidai filamu, na picha humfikia mwenyewe kabla hajainuka kitini. Anayetaka sana kujifunza filamu aanze na kamera ndogo ya milimita 35, azoee, na akishapata fedha za kuchezea ndipo afikirie filamu bapa ya inchi 4 kwa 5. Tena mtu wa nyanda kavu, anayenunua maji kwa dumu, ana haja gani na dawa za kusafishia filamu?

Kauli hiyo imezoeleka hadi hakuna anayeiuliza swali. Mimi nina maswali nayo, na siyaanzii kwenye kamera. Nayaanzia kwenye ardhi ya Ukambani, nchi ya Wakamba, maana hapo ndipo kauli hiyo inapoanguka.

Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni aitwaye R. O. Barnes alizunguka katika eneo lililoitwa Hifadhi ya Ukamba akipiga picha za mmomonyoko wa udongo. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos, na ilibaki hivyo hadi 1992. Picha zake zinaonyesha vilima vilivyobanduka ngozi, makorongo yaliyopasua malisho, na miti ya kuhesabika. Mwaka huo huo Colin Maher, wa idara ya kilimo, aliandika ripoti yake kuhusu mmomonyoko huohuo. Hukumu ya wakati ule ilikuwa moja: watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, nchi inakufa. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuchukua mifugo ya watu kwa nguvu, na Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa hadi serikali ikalegeza kamba.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walifanya jambo rahisi lenye uzito mkubwa. Picha za Barnes zilitolewa kwenye nyaraka, mahali alipopigia pakatafutwa, na picha nyingine zikapigwa kutoka papo hapo. Idadi ya watu wa Machakos, Makueni ikiwemo, ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Kwa hesabu za wakoloni, vilima vile vilipaswa kuwa mawe matupu. Picha mpya zikaonyesha matuta ya fanya juu yaliyojipanga mlima mzima, miti iliyopandwa kwa mkono, na mashamba mahali palipokuwa na makorongo. Kitabu chao cha 1994, More People, Less Erosion, kilibadilisha mjadala wa nyanda kavu za Afrika, na jozi zile za picha ni miongoni mwa hoja zake ngumu kuzipinga. Picha iliyopigwa kuwashtaki watu iligeuka kuwatetea wajukuu zao.

Hilo liliwezekana kwa kuwa picha ilidumu na kwa kuwa ilipigwa kwa utulivu, kutoka mahali panapoweza kupatikana tena, na upeo wa macho ukiwa wazi na vilima vikiwa na sura ya kutambulika. Sasa niwaulize wanaosema simu inatosha: picha za ukame uliokausha Kitui na Makueni kati ya 2020 na 2023 zitakuwa wapi baada ya miaka 50? Nyingi zilipita kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida hubana picha kabla ya kuituma, zikabaki kivuli cha zilivyokuwa. Nyingine zilifutwa simu ilipojaa. Nyingine zilikwenda na simu iliyoibwa stendi ya matatu au iliyotumbukia kwenye pipa la maji. Watanijibu kwamba kuna hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi hiyo ina nywila, ina malipo, na ina masharti: tangu mwisho wa 2023, Google ina haki ya kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Mpiga picha akifariki Mutomo leo, mtoto wake asiyejua nywila ana muda huo tu. Negativu ya madini ya fedha iliyooshwa vizuri haidai nywila. Inataka bahasha ya karatasi na mahali pakavu, na pakavu ndipo tulipo.

Sisemi simu itupwe. Kwa harusi, kwa ajali barabarani, kwa mbuzi anayeuzwa sokoni, simu ndiyo chombo sahihi, na ni upotevu wa muda kubishania hilo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale mtu anapotoka kwenye "simu inafanya mengi" akaruka hadi "simu inafanya yote".

Hebu tuitazame kamera yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoidharau hawajawahi kuifungua. Speed Graphic ilitengenezwa Rochester, jimbo la New York, kuanzia 1912 hadi 1973, kwa sura tofauti. Ilikuwa kamera ya magazeti. Joe Rosenthal alikuwa nayo kisiwani Iwo Jima tarehe 23 Februari 1945 alipopiga picha ya wanajeshi wakisimamisha bendera. Waingereza walikuwa na MPP, Wajerumani Linhof Technika. Zilibebwa mvuani, vitani, viwanja vya ndondi, na watu waliokuwa wanapigania habari ya saa hiyo, wala si watu waliokuwa wanajionyesha. Ikifungwa, ni sanduku. Ikifunguliwa, kitanda kinashuka mbele, lenzi inavutwa juu ya reli, mvukuto unajikunjua, na nyuma kuna kioo cha ukungu ambacho juu yake picha inaonekana kichwa chini miguu juu. Hakuna betri. Hakuna kiwambo cha kupasuka wala programu ya kusasishwa. Karibu kila kilicho ndani kinafunguliwa kwa bisibisi. Simu ya mwaka 2013 leo hata betri yake ni shida kuipata, na kamera ya mwaka 1950 ingali inapiga picha.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Crown Graphic kuliko Speed Graphic. Zinafanana kama ndugu, ila Speed ina shata ya pili, pazia la kitambaa lililo nyuma kabisa karibu na filamu, linaloendeshwa na springi na kufika sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde. Ni uhandisi wa kupendeza, na pia ndiyo sehemu inayochoka kwanza. Inamfaa mwenye lenzi kongwe isiyo na shata yake. Wengine hawaihitaji. Crown ni nyepesi, na wepesi ni jambo la kuheshimiwa kwa mtu atakayepanda milima ya Mbooni nayo mgongoni.

Kabla hujatoa fedha, ingia nayo chumba chenye giza, washa tochi ndani ya mvukuto na uzungushe macho nje. Kila nukta ya mwanga unayoiona itaiunguza filamu yako. Nukta chache kwenye pembe za mikunjo hutibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa au utepe mweusi. Mvukuto uliopasuka kotekote uache. Kisha sikiliza shata ya lenzi. Weka sekunde 1, fyatua, hesabu. Shata iliyokaa miaka mingi bila kazi huganda mafuta yake, na kasi za chini huburuta au hukwama katikati, wakati kasi za juu zinaweza kuwa bado za kuaminika. Si sababu ya kuikataa, kwa maana huhitaji kasi zote. Kwa jua la Kitui, filamu ya ISO 100 na tundu la f/22, sehemu 1 kwa 50 ya sekunde inatosha. Ukiikuta hiyo inafanya kazi, umeshaingia kazini. Na kwa kasi ndefu zaidi, kifuniko cha lenzi kinachoondolewa na kurudishwa kwa mkono kilitosha kwa wapiga picha wengi wa karne ya 19.

Kwenye lenzi ndiko upotoshaji ulikozidi. Mgeni huambiwa asipate shida na lenzi za zamani, anunue ya kisasa au asianze kabisa. Ushauri huo unachanganya mambo mawili. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo la takriban mara 13 ya fremu ya milimita 35, hivyo huhitaji kuikuza sana ili upate picha ya ukutani, na lenzi haitakiwi kuwa na makali ya ajabu. Kinachotakiwa zaidi ni duara la picha, yaani upana wa picha ambayo lenzi inaitupa nyuma. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Lenzi nyingi zilizouzwa pamoja na kamera hizi, kama Kodak Ektar ya milimita 127, ni kali na nzuri, lakini duara lake linaifunika filamu kwa shida. Ukiipandisha lenzi kidogo tu, pembe za picha zinaingia giza. Kwa mwandishi wa gazeti haikuwa tatizo, alipiga moja kwa moja. Kwa kazi ninayoizungumzia ni tatizo. Schneider Symmar ya milimita 150, ya zamani yenye f/5.6, inakupa nafasi ya kuisogeza, tena ukifungua kioo chake cha mbele, kilichobaki nyuma kinakuwa lenzi ya milimita 265 yenye f/12, si kali sana lakini inatosha kwa uso wa mtu. Kodak Ektar ya milimita 203, f/7.7, ni ndogo, haivutii kwa macho, na ni miongoni mwa lenzi bora zilizowahi kuwekwa kwenye kamera hizi. Hizo mbili zingenitosha maisha yangu yote.

Jambo jingine kuhusu lenzi linawafaa watu wa kwetu kuliko watu wa pwani. Adui mkubwa wa lenzi kongwe ni kuvu linaloota ndani ya vioo penye unyevu. Lenzi inayokaa Mombasa ndani ya begi la ngozi iko hatarini. Iliyoko Mwingi au Kibwezi ina adui mwepesi zaidi, vumbi, ambalo hufutwa. Vumbi ni baya kwenye filamu, kweli. Chembe iliyotua juu ya filamu huzuia mwanga na kuacha nukta nyeusi kwenye picha iliyochapishwa. Kwa hiyo pakia makasha yako ya filamu usiku, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji, dirisha limefungwa. Kijiji kisicho na taa za barabarani kina giza ambalo mpiga picha wa Nairobi hulipata kwa kuziba kila upenyo wa chumba. Ukiishika filamu wima na mikato yake ikawa pembe ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Vidole vinajifunza hilo upesi.

Na mbao? Kila lenzi hushikiliwa kwenye kamera na bao lake lenye tundu la saizi yake. Kwenye Speed Graphic za mwanzo wa miaka ya 1940 bao hilo ni bapa, inchi 4 kwa 4, na mtu huagiza ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, kumejaa mafundi wa kuchonga, kazi iliyoenea huko tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi alioupata Tanganyika. Fundi anayetoa twiga kutoka kwenye gogo hatashindwa na kipande cha mbao chenye tundu la duara. Mpe vipimo, mpe rangi nyeusi isiyong'aa ya kupaka ndani.

Sasa nifike kwenye kile ambacho hakuna simu inayokifanya jinsi hii. Simama chini ya mbuyu wa Kibwezi, elekeza kamera yoyote ya kawaida juu ili kilele kiingie, na mti utaegemea nyuma kama unaanguka. Kwenye kamera ya mvukuto huelekezi juu. Unaiacha kamera sawa na upeo, kisha unaipandisha lenzi peke yake kwenye nguzo zake, na mbuyu unaingia wote ukiwa umesimama wima kama ulivyo. Mbuyu ni mti mpana, hivyo picha ya kulala inautosha, na hilo ni bahati, kwa kuwa Graphic ukiilaza ubavu kile kilichokuwa kupanda kinakuwa kusogea upande. Jiwe la Nzambani, karibu na Kitui mjini, linataka matibabu hayohayo. Programu za simu hunyoosha picha baadaye, najua, kwa kuivuta upande mmoja na kutupa vipande vya mwingine. Kwenye kioo cha ukungu unanyoosha kabla, na unaona unachokipoteza na unachokibakiza.

Kisha kuna mabwawa ya mchanga, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuwa na kamera hii Ukambani. Ukuta wa zege hujengwa kuvuka mto wa msimu juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake maji yanajificha mbali na jua. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kazi hiyo 1978, na tangu katikati ya miaka ya 1990 shirika la SASOL likajenga mamia katika mito ya Kitui. Bwawa la mchanga halionekani kwa siku moja. Mwaka wa kwanza ni ukuta katikati ya mto mkavu. Baada ya miaka 5 mchanga umepanda, kingo zimeota majani, visima vya kienyeji vina maji hadi Septemba. Ni hadithi inayosomeka kwa picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pamoja, na karibu haisomeki kwa picha moja.

Picha ya bwawa inatakiwa ionyeshe chembe za mchanga miguuni pako na ukuta ulio mbali, vyote vikiwa wazi. Kamera ya kawaida inakulazimisha kuchagua, au kubana tundu la lenzi hadi ukali wenyewe upungue. Mvukuto unatoa njia nyingine, iliyoelezwa na Mwaustria Theodor Scheimpflug mwanzoni mwa karne ya 20: ukiinamisha lenzi mpaka uso wake, uso wa filamu na uso wa ardhi vikutane kwenye mstari mmoja, ardhi yote inakuwa wazi kuanzia karibu hadi mbali. Graphic ina ukaidi wake hapa. Nguzo ya mbele huinamia nyuma tu, haiinamii mbele. Dawa yake ni kushusha kitanda: lenzi nzima inaangalia chini, nawe unaipandisha hadi picha irudi mahali pake. Inachukua dakika kadhaa za kuhangaika chini ya kitambaa cheusi, na shuka zito la Kimaasai linatosha kuwa kitambaa hicho likikunjwa mara mbili. Mto haukimbii.

Hoja ya bei ndiyo ngumu, na sitaizunguka. Filamu bapa ni ghali, inaagizwa nje, na ushuru unaongeza maumivu. Lakini waangalie wanaohesabu. Wanachukua bei ya karatasi moja na kuizidisha kwa idadi ya picha wanazopiga kwa simu. Hakuna anayefanya kazi hivyo kwa kamera hii. Seydou Keïta wa Bamako alikuwa seremala kabla hajafungua studio mwaka 1948. Alipiga kwa kamera ya filamu bapa ya sentimita 13 kwa 18, mara nyingi uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali kawaida yake ilikuwa pozi moja kwa mteja. Pozi moja. Negativu zake zilikaa kimya kwa miongo, na mwaka 1994 zikaonyeshwa Paris, na leo ni vigumu kuandika historia ya picha za watu duniani ukamwacha. Alichokuwa nacho kinapatikana Makueni: ua, jua, seremala mwenye jicho, na watu waliovaa vizuri waliokuja kupigwa picha kwa heshima.

Ndiyo maana siukubali pia ushauri wa kuanza na milimita 35. Mikanda ya picha 36 humfundisha mtu kubahatisha, kisha anapoisafisha yote kwa pamoja hajui ipi ilikosewa wapi. Filamu bapa unaipiga moja, unaisafisha moja, unaitazama, unarekebisha, unapiga nyingine. Mwanafunzi anaona kosa lake siku ileile. Ukivuta mvukuto hadi urefu mara mbili ya urefu wa lenzi, mwanga unaofika ni robo, na lazima uongeze mara 4. Kwenye kamera ndogo hilo limefichwa ndani ya mitambo, hapa unaliona kwa macho na unalipima kwa rula. Simu yako hapa ni msaidizi mzuri, kuna programu zinazoigeuza kipimamwanga, nami ningemshauri anayeanza aitumie hivyo kuliko kununua kipimamwanga kongwe kilichochoka. Kwa uso wa mtu aliyekaa kwenye kivuli cha mwembe, anza na f/8 na sehemu 1 kwa 60 kwa ISO 100, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya mvukuto uliovutwa.

Kuna pia njia ya bei nafuu. Filamu ya eksirei, ile ya zamani inayosafishwa kwa dawa za maji, hukatwa kwa saizi na kupakiwa chini ya taa nyekundu, ukiona unachofanya. Hakikisha si ile ya vichapishi vya kisasa vya hospitali, ambayo haifai kwa kamera. Ina dawa pande zote mbili, inachubuka haraka, na haioni rangi nyekundu, kwa hiyo udongo mwekundu wa Kitui utatoka karibu mweusi na ngozi zetu zitatoka na giza kuliko zilivyo. Kwa uso wa mtu siipendekezi. Kwa mawe, miti na kuta za mabwawa ni shule ya bei nafuu kabisa.

Na maji? Hapa wapinzani wangu hudhani wamemaliza kesi. Njia ya kuosha filamu iliyotolewa na Ilford hutumia maji ya kujaza tangi mara 3 tu: unalipindua mara 5, unamwaga, mara 10, unamwaga, mara 20, unamwaga. Kwa tangi la lita 1 ni lita 3. Familia inayohesabu madumu inaweza kuzimudu, na maji ya pili na ya tatu yakamwagiwe mti. Maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi, basi ya mwisho yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati na kuchujwa. Joto je? Dawa hutaka nyuzi 20. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hupoza maji kwa kuvuja jasho, na hupoza zaidi penye hewa kavu kuliko penye unyevu, ndiyo sababu unafanya kazi Kitui vizuri kuliko Mombasa. Ukishindwa kushuka hadi 20, fanya kazi kwa 24 na upunguze muda: dakika 8 hushuka hadi kati ya 5 na 6. Majedwali hayo yamechapishwa na watengenezaji wenyewe.

Nasisitiza ardhi kwa sababu muda wake unakwisha. Bwawa la Thwake linajengwa tangu 2018 mahali mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Maji yakijaa, bonde lile halitaonekana tena na hakuna wa kurudi kusimama pale. Picha za droni za mkandarasi zipo, zinaonyesha zege. Anayehitajika ni mtu wa huko aliyesimama kwenye kingo akiwa na kamera sawasawa na upeo, aliyeomba ruhusa ya wenye mashamba, aliyewapiga picha wazee mbele ya nyumba zao wakiwa wameketi na wamejiandaa, na aliyewarudishia nakala. Kamera hii inamlazimisha mpiga picha kukaa na watu. Huwezi kumwibia susu, yaani bibi wa Kikamba, picha kwa chombo kinachochukua dakika 5 kusimamishwa. Atakuuliza unafanya nini, utamjibu, atataka kuingiza kichwa chini ya shuka aone bonde lake likiwa kichwa chini kwenye kioo, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Kwa kila negativu, andika kwenye bahasha kwa penseli: tarehe, jina la kijiji, mahali stendi ya kamera iliposimama kwa maneno na kwa namba za GPS za simu yako, lenzi, urefu wake kutoka ardhini, na upande ulioelekea. Chapa nakala mbili kwa kubana negativu juu ya karatasi, moja ya mwenye shamba, moja ya kwako. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zina ofisi za ardhi, za maji na za utamaduni, na nyaraka zinajaa humo kila mwaka. Ziombwe zipokee nakala ya tatu, ziipe namba na ziandike kwenye daftari la kumbukumbu mahali ilipowekwa.